Mustang ya 1965 na 1966: urejeshe asili, uboreshe kiasi, au ubadilishe mtambo mzima?

Mtu anayenunua Ford Mustang ya mwaka 1965 au 1966 nchini Marekani hakosi washauri. Mmoja humwambia kwamba kila skrubu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mwingine humwambia kwamba breki za zama zile si za kuaminiwa katika barabara za leo, kwa hiyo aanze kwa kuzing'oa. Wa tatu humwonyesha picha ya gari la umri uleule lenye injini mpya ya nguvu za farasi zaidi ya 400, kisha humwuliza kuna raha gani ya kubembeleza kabureta kila asubuhi ya baridi. Kwa kuwa wote watatu wana hoja, mwenye gari hubaki njia panda, na gari hubaki juu ya mawe huku kutu ikiendelea na kazi yake.

Ulinganisho huu unazihusu njia hizo tatu kwa gari hilo mahususi, kwa sababu ushauri unaotolewa kwa magari ya kale kwa jumla huishia kutomfaa mtu yeyote. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York kwa bei ya kuanzia ya dola 2,368, na kabla ya miaka miwili kutimia, mwezi Machi 1966, gari la milioni moja lilikuwa limekwisha kuundwa. Wingi huo una matokeo mawili kwa mnunuzi wa leo. Magari yaliyobaki ni mengi, na mengi kati yake ni ya kawaida kabisa, yasiyo na uadimu wa kulindwa. Tena, biashara ya spea zake imestawi kiasi kwamba karibu kila bati, mpira na nembo hutengenezwa upya. Mwaka 2011 Ford iliidhinisha hata bodi nzima mpya ya Mustang ya paa la kukunja ya miaka hiyo, mtu akaweza kununua bati tupu na kulijenga gari kuanzia hapo. Swali la mwenye Mustang, basi, si kama kifaa kitapatikana. Swali ni kifaa kipi, na kwa gari la namna gani.

Njia zenyewe

Kurejesha asili ni kulirudisha gari katika hali ya siku lilipotoka kiwandani: rangi ileile iliyoandikwa kwenye kibati cha mlango, injini yenye herufi ileile, breki za aina ileile, hata alama za chaki na rangi ambazo wafanyakazi wa kiwandani waliziacha kwenye vyuma.

Kuboresha kiasi ni kuliacha gari na sura yake, injini ya ukoo wake na harufu yake, lakini kubadilisha yale yanayohatarisha maisha au yanayochosha: breki, waya, rejeta, mikanda ya viti, pengine giaboksi. Mtazamaji wa kawaida hatatambua kilichobadilishwa mpaka boneti ifunguliwe.

Kubadilisha mtambo mzima, ambako Wamarekani hukuita restomodi, ni kubakiza ngozi ya 1965 na kuweka ndani yake gari jingine: injini ya kompyuta, giaboksi ya gia sita, saspensheni ya mbele mpya, usukani wa raki, kiyoyozi, na breki kubwa za diski kwa magurudumu yote manne.

Vigezo vya kulinganishia

Njia hizi zitapimwa kwa mambo sita: asili ya gari lenyewe, hali ya bodi, injini na giaboksi, usalama, gharama, na mwisho thamani pamoja na uwezekano wa kurudi nyuma. Hicho cha mwisho husahauliwa sana. Breki zilizofungwa kwa bolti zinaweza kufunguliwa kesho, lakini bati lililokatwa halirudi lilivyokuwa, na mtu anapochagua njia leo humchagulia pia mwenye gari wa baadaye.

Asili ya gari: soma herufi kabla ya kushika spana

Namba ya gari ya Mustang za miaka hii imegongwa kwenye bati la ndani la chumba cha injini, upande wa dereva, na fenda imekatwa kidogo ili isomeke. Tarakimu ya kwanza ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda, yaani F kwa Dearborn, R kwa San Jose na T kwa Metuchen. Tarakimu mbili zinazofuata ni umbo, ambapo 07 ni gari la paa gumu, 08 la paa la kukunja na 09 la paa la mteremko, lile maarufu kwa jina la fastback. Kisha huja herufi ya injini, na hapo ndipo njia tatu zinapoanza kuachana. T ni injini ya silinda 6 ya inchi za ujazo 200, yenye nguvu za farasi 120. C ni V8, yaani ya silinda 8, ya inchi 289 yenye nguvu za farasi 200, A ni V8 hiyohiyo yenye kabureta ya midomo minne na nguvu za farasi 225, na K ni ile ya nguvu za farasi 271 iliyofungwa katika magari machache.

Kwa gari la K, hasa la umbo la 09, urejeshaji wa asili una mantiki hata kwa mtu asiyependa mambo ya asili, kwa kuwa soko hulipa asili hiyo. Kwa gari la T au C la paa gumu, kurejesha asili kunabaki kuwa jambo la mapenzi: ni halali, ni zuri, lakini lisitarajiwe kurudisha fedha. Kuboresha kiasi kunalifaa gari lolote lisilo la K, na hata la K kama vifaa vya awali vitahifadhiwa. Kubadilisha mtambo mzima kunalifaa zaidi gari ambalo asili yake imeshapotea, yaani injini ya kwanza haipo, mlango umetoka kwenye gari jingine, na nusu ya chini imeliwa.

Tahadhari moja. Ripoti za Marti, zinazotolewa kutokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford, zinaanzia magari ya 1967. Kwa Mustang za miaka miwili ya mwanzo hakuna karatasi ya namna hiyo ya kumaliza ubishi. Kibati cha mlangoni kimeshikwa kwa ribiti, mlango hung'olewa kwa dakika chache, na vibati vipya huchapishwa kwa oda. Kwa hiyo ushahidi wa kuaminiwa zaidi ni namba iliyogongwa kwenye bati. Muuzaji anayesema "hii ni K" huku akisitasita kufungua boneti amekwisha kujibu swali.

Bodi na kutu

Hapa ndipo penye gharama halisi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoangalia kwa sekunde chache tu kabla ya kukimbilia kusikiliza mlio wa injini. Mustang haina chesi iliyotengana na bodi. Sakafu, mihimili ya pembeni na kuta ndizo zinazobeba kila kitu. Sakafu ikioza, gari hukosa mgongo.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya kioo cha mbele. Hapo kuna kasha la bati lenye tabaka mbili ambalo huingiza hewa ndani ya gari, na majani yakijaa humo maji husimama, bati huoza, kisha maji hushuka kwenye miguu ya dereva na kuozesha sakafu nayo. Kipimo chake ni ndoo ya maji: mimina taratibu kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo, mwache mwenzako akiwa na tochi chini ya dashibodi. Pakidondoka, ujue kwamba kulitengeneza kasha hilo ni kutoboa vichomeleo vingi vidogo kimoja baada ya kimoja ili tabaka la juu litoke. Baada ya hapo tazama mihimili ya mbele chini ya trei ya betri, masanduku ya chuma yanayounganisha mihimili na sakafu, pembe za chini za buti, na minara inayoshika springi za mbele, ambayo hupasuka kwa uchovu.

Msomaji anayeishi Columbus au Minneapolis, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, atakuta magari ya jirani yameoza kuanzia chini kwenda juu. Gari lililokaa Arizona au bara ya California huwa na bati kavu lakini viti na dashibodi vilivyopasuka kwa jua. Kati ya hasara hizo mbili, chagua ya jua: kitambaa cha kiti hufika kwa posta.

Kwa anayerejesha asili, bodi ndiyo mtihani. Mabati mapya hayakai sawasawa bila kukatwa na kunyooshwa, vichomeleo vinatakiwa vifanane na vya kiwandani, na hata lami ya kuzibia viungo ina mahali pake. Anayeboresha kiasi anaweza kuweka viraka safi vilivyochomelewa vizuri, akaongeza nguvu kwa vyuma vya kufunga na bolti, kama ule mhimili wa kipande kimoja unaounganisha minara ya mbele na ukuta wa injini, ambao Ford iliufunga kwenye magari yaliyopelekwa nje ya Marekani. Anayebadilisha mtambo atakata bati kwa vyovyote vile, kwa hiyo gari lililooza mbele halimtishi kama linavyowatisha wenzake. Lakini injini yenye nguvu mara mbili huhitaji bodi iliyoimarishwa, la sivyo milango itaanza kukataa kufunga.

Injini na giaboksi

Anayerejesha asili huifungua injini iliyomo na kuijenga upya. Mambo mawili yamebadilika tangu 1965, na hayapingani na asili kwa kuwa hayaonekani. Petroli yenye risasi imepigwa marufuku kwa magari ya barabarani Marekani tangu tarehe 1 Januari 1996, hivyo ni busara kuweka viti vya valvu vya chuma kigumu wakati vichwa vya silinda viko kwa fundi wa mashine. Oili za leo nazo zina zinki kidogo kuliko zile za zamani, ilhali kamshafti ya injini hizi husugua vyuma bapa vinavyohitaji zinki hiyo; oili ya magari ya kale, au kiongezo, huokoa kamshafti mpya isisagike katika nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo mtu atapata gari linaloendeshwa kama lilivyoendeshwa na mwenyewe wa kwanza: gia tatu au nne za mkono, au otomatiki ya C4 yenye gia tatu, na injini inayopiga kelele katika barabara kuu kwa sababu haina gia ya kupumzikia.

Niseme neno la kuitetea silinda 6. Watu huidharau, huing'oa na kuiuza kwa uzito wa chuma. Hata hivyo ya inchi 200 ina beringi saba za kranki, haina haraka, hupoa vizuri, na katika chumba chake cha injini mtu anaweza karibu kusimama. Kwa safari za mjini na Jumapili haina deni na mtu. Anayetaka kuiondoa ili aweke V8 ajue kwamba habadilishi injini peke yake: magari ya silinda 6 yana magurudumu ya nati nne badala ya tano, breki ndogo zaidi, difu nyepesi na springi laini. Vyote hivyo inabidi vibadilike. Mara nyingi ni nafuu kuliuza gari la T na kununua la C.

Katika njia ya kuboresha kiasi, mchanganyiko uliozoeleka ni kubakiza V8 ya 289, au kuweka ya inchi 302, ndugu yake wa tumbo moja, iliyoingia mwaka 1968 na kuendelea kutumika hadi Mustang za miaka ya 1987 hadi 1993 kwa jina la 5.0 na, hadi 1992, nguvu za farasi 225. Inakaa mahali palepale. Ina mitego miwili inayowanasa hata mafundi wazoefu: sampu ya oili ya injini hizo za baadaye hugonga mhimili wa chini wa gari la 1965, hivyo lazima iwekwe ya zamani pamoja na bomba lake la kunyonyea, na flaiwili zake zina uwiano wa uzito tofauti, wakia 50 badala ya 28, kwa hiyo ukichanganya ya zamani na mpya injini itatetemeka mpaka ijivunje. Giaboksi inayofuatana nayo ni T-5 ya gia tano, ambayo gia yake ya mwisho huituliza injini katika mwendo wa safari. Kwa bahati ya kuchekesha, T-5 ndilo pia jina ambalo Mustang iliuzwa nalo Ujerumani, kwa kuwa kampuni ya Krupp ilikuwa tayari inamiliki jina la Mustang huko; anayetafuta spea kwa jina hilo huweza kuletewa nembo badala ya giaboksi.

Katika njia ya tatu, injini inayochaguliwa sana na watu wa Ford ni Coyote ya lita 5.0, iliyoanza na Mustang ya 2011 ikiwa na nguvu za farasi 412. Huwaka kwa mguso mmoja wakati wa baridi, haihitaji kusawazishwa kabureta, na hutoa nguvu ambayo mwaka 1965 ilikuwa ya magari ya mashindano. Tatizo lake ni upana. Ina kamshafti nne juu ya vichwa vyake, na haipiti kati ya minara ya springi, hivyo minara huondolewa au kupunguzwa, na mahali pake huwekwa saspensheni ya mbele ya mtindo wa Mustang II ya 1974. Kompyuta yake hutaka pampu ya petroli yenye shinikizo ndani ya tangi, waya mpya, feni za umeme, ekzosi ya kutengenezwa, difu imara na propela shafti mpya. Kila kifaa huvuta kingine. Si kasoro ya njia hii. Ndiyo hulka yake, na anayeipanga kama mradi mmoja uliokamilika kwenye karatasi huifurahia kuliko anayeianza kwa kununua injini na kusubiri.

Breki, usukani na usalama

Mustang ya 1965 na 1966 ina masta silinda ya breki yenye chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Masta ya vyumba viwili ilikuja na magari ya 1967. Nguzo ya usukani ya miaka hii ni chuma kirefu kisichokunjika wakati wa ajali. Mikanda, pale ilipo, ni ya kiunoni. Na sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti, huku kati ya buti na kiti cha nyuma kukiwa na karatasi ngumu tu. Haya hayasemwi ili kumtisha mtu bali ili apime kwa macho wazi, kwa sababu gari lililojengwa kwa ustadi wa hali ya juu kwa mujibu wa asili hubaki na kila moja ya kasoro hizo.

Anayerejesha asili ana nafasi ndogo ya kujipenyeza: breki za diski za mbele za kampuni ya Kelsey-Hayes ziliuzwa kwa malipo ya ziada tangu 1965, hivyo gari lililozaliwa nazo linaruhusiwa kuwa nazo. Lililozaliwa na dramu hubaki na dramu. Zikirekebishwa vizuri dramu hizo husimamisha gari mara moja bila shida. Shida huja mara ya tatu na ya nne kwenye mteremko, zikishapata moto.

Anayeboresha kiasi ndiye anayevuna zaidi katika kigezo hiki kwa fedha kidogo. Masta ya vyumba viwili, diski za mbele, mikanda ya bega, bati la chuma kati ya buti na kiti cha nyuma, tairi za radiali badala ya zile za nyuzi za mshazari: vyote hufungwa kwa bolti, na vyote hufunguka. Kwa upande wa kukata kona, kuna ujanja wa kale usio na gharama. Katika Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo kasi, ambayo magari 562 tu yaliundwa, vishikizo vya mkono wa juu wa saspensheni vilishushwa kwa inchi moja. Mwenye Mustang ya kawaida anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutoboa mashimo manne mapya kwenye minara, na gari litaacha kulalia ubavu kama mtumbwi. Hayo ndiyo mabadiliko pekee ya njia hii yanayogusa bati moja kwa moja, na hata hayo hayaonekani.

Anayebadilisha mtambo hupata diski kubwa nne, usukani wa raki unaotii, na nguzo inayokunjika. Lakini hapati mifuko ya hewa wala bodi iliyosanifiwa kubonyea kwa mpangilio, na mwendo wake ni mkubwa zaidi. Wanaodai kwamba restomodi ni salama kama gari jipya husahau kwamba breki na mgongano ni mambo mawili.

Umeme, joto na mafuta

Hapa tofauti ni ndogo, nami nitapita haraka. Magari ya miezi ya mwanzo ya uzalishaji, mwaka 1964, yana jenereta, yaliyofuata yana alternata. Waya za umri huu, ziwe za gari la njia yoyote, ni bora zibadilishwe kwa seti mpya ya nakala kuliko kuunganishwaunganishwa kwa utepe. Kifaa cha elektroniki cha kuwashia cheche hufichika ndani ya distribyuta mahali pa pointi, ile swichi ya zamani ya cheche, hata wapenda asili wengi hukitumia wanapoendesha na kurudisha pointi siku ya maonyesho. Petroli ya leo yenye ethanoli asilimia 10 huzila pole pole hozi za mpira za zamani, hivyo zote zibadilishwe. Rejeta pana zaidi ni lazima kwa njia ya tatu, ni faraja kwa njia ya pili, na ni mwiko kwa ya kwanza.

Gharama na muda

Waliozoea gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ambako spea ndiyo ghali na mkono wa fundi ni nafuu, watashangazwa na hesabu ya Marekani: spea ni nafuu na saa ya fundi ndiyo inayouma. Kwa sababu hiyo, bodi na rangi huwa mzigo mzito kuliko injini katika njia zote tatu, na mtu anayeweza kuchomelea mwenyewe ameshapunguza mzigo huo kuliko punguzo lolote la dukani.

Urejeshaji wa asili hugharimu utafiti na subira. Kifaa cha nakala hutosha kwa gari la kuendesha, lakini kwa gari la majaji hutafutwa cha awali chenye tarehe iliyochongwa inayolingana na siku ya kuundwa kwa gari, na cha namna hiyo huuzwa kwa bei ya mwenye nacho. Kuboresha kiasi kunaweza kufanywa kwa awamu: breki mwaka huu, giaboksi mwaka ujao, gari likiendelea kutembea. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu miradi mingi haifi kwa kukosa fedha, hufa gari likishakaa muda mrefu bila kuwaka. Kubadilisha mtambo kunahitaji fedha nyingi mapema; injini mpya ya Coyote pekee hugharimu maelfu ya dola kabla ya giaboksi, saspensheni na kazi, na gari halitembei mpaka kila kitu kiwe tayari.

Thamani na kurudi nyuma

Gari lililorejeshwa kwa usahihi lina kipimo cha wazi: chama cha Mustang Club of America, kilichoanzishwa 1976, kina madaraja ya majaji, na alama huzungumza kwa niaba ya muuzaji. Gari lililoboreshwa kiasi huuzika kwa urahisi kwa kuwa mnunuzi hulijaribu na kuondoka nalo, ingawa halivunji rekodi ya bei. Restomodi iliyojengwa na mikono inayojulikana, hasa ya umbo la fastback, huweza kuuzwa ghali sana. Iliyojengwa nusunusu ni vigumu kuuza, kwani mnunuzi hununua pia maamuzi ya mtu mwingine na waya asizozijua. Kwa njia zote tatu, chukua bima ya thamani iliyokubaliwa, siyo ile inayolihesabu gari kama chombo kilichochakaa kwa miaka sitini, na tunza picha na risiti za kila hatua.

Kuhusu kurudi nyuma, njia ya kwanza haina cha kurudishwa. Ya pili hurudi karibu yote, mradi vifaa vya awali viandikwe majina na kuwekwa kwenye sanduku kavu, visitupwe na fundi mwenye haraka ya kusafisha gereji. Ya tatu hairudi.

Kwa hali gani, njia ipi

Ukiwa na gari la K lenye namba iliyogongwa isiyotiliwa shaka, au gari lililokaa katika familia na bado lina injini yake ya kwanza, rejesha asili, au angalau usifanye lolote lisilofunguka kwa spana.

Ukiwa na gari la C au A lenye bati zima, na unataka kulipeleka kazini siku za jua au kumchukua nalo mama mkwe uwanja wa ndege, kuboresha kiasi kunakufaa. Anza na masta ya vyumba viwili na diski za mbele, na hozi za petroli wiki hiyohiyo, kabla ya kugusa rangi.

Ukiwa na gari la T lenye bati zima, jaribu kuliendesha mwaka mmoja lilivyo, likiwa na breki bora tu. Ukiona bado unataka nguvu, liuze kwa anayelitaka hivyo.

Ukiwa na gari lisilo na injini, lenye mbele iliyooza lakini hati safi za umiliki, na una bajeti yote mkononi pamoja na fundi anayejua kuchomelea mihimili, njia ya tatu haiharibu chochote ambacho mtu mwingine angekihitaji. Itakufaa pia kama unakusudia safari ndefu za majimbo kadhaa, ukiwa na kiyoyozi na watoto nyuma.

Na kama bado hujanunua, nenda na tochi, ndoo ya maji na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Ipitishe sumaku kwenye mabega ya nyuma na chini ya milango. Pale inapoachia, kuna unene wa puti uliofunika shimo. Bei ya kuanzia mazungumzo ihesabiwe kutoka hapo, injini iwe inawaka au haiwaki.